Acheni kuniambia nibadilishe siti, fremu ndiyo iliyoniua

Wakuu, salamu tutapeana baadaye, nina hasira.

Nimerudi juzijuzi kutoka safari ya baiskeli ya siku sita, kilomita 540, mabegi pande zote mbili. Hadi naandika hapa, kidole kidogo cha mkono wa kulia na jirani yake bado vina ganzi. Siku ya tatu asubuhi tairi la mbele lilikuwa limelegea. Nikachuchumaa nijaze upepo, nikashindwa kufungua kile kifuniko cha valvu. Vidole naviona, viko palepale, lakini nikikibana kifuniko sikisikii. Nikakifungua kwa meno. Mtu mzima kachuchumaa kando ya barabara anauma valvu ya baiskeli.

Na hiyo ni ile ganzi ninayoweza kuitaja mbele za watu. Ile nyingine wanaume wenzangu mnaijua.

Sasa kila nikilalamika, jibu ni lilelile: "Mkuu, badilisha siti." Nimebadilisha siti TATU. Nina siti nyingi kuliko baiskeli. Leo nataka tuelewane, maana kuna mtu mwingine huko anasoma ushauri huohuo na anakaribia kutoa hela yake.

Siku nanunua baiskeli, muuzaji alinitazama juu mpaka chini, akauliza swali moja tu: una urefu gani? Nikamwambia sentimita 174. Hakupepesa jicho: "Chukua hii fremu ya sentimita 56, imekukaa." Nikaipanda, nikashuka, nikasimama nimeiweka katikati ya miguu, bomba la juu likanigusa pasipotakiwa kuguswa. Nikamwambia. Akacheka, akasema utazoea.

Utazoea! Viatu vikibana unaambiwa vitaachia, sawa, ngozi inaachia. Bomba la chuma litaachia lini?

Urefu wa mtu unajumlisha shingo na kichwa, na kichwa hakikanyagi pedeli. Nina rafiki tumelingana kabisa, 174 kwa 174, lakini miguu yake kwa ndani ni sentimita 84 na yangu ni 79. Sentimita tano! Muuzaji angetupa fremu moja sote wawili na angetuambia sote tutazoea.

Haya, turudi kwenye siti, maana ndiko mlikonipeleka.

Ya kwanza ilikuja na baiskeli. Nyembamba, upana milimita 130, sura ya mashindano. Hiyo sikuitetea. Nikaambiwa nunua yenye jeli, laini, pana. Nikanunua ya milimita 200. Ukiibonyeza kwa kidole gumba kinazama kama kwenye unga uliokandwa, nikajisemea hapa nimefika. Dakika ishirini za kwanza ni raha tupu. Kilomita ya 40 mifupa ya makalio imeshazama mpaka chini, na ile jeli iliyokimbia mifupa imepanda juu katikati, inasukuma msamba. Pembeni nako upana wote ule unasuguana na mapaja. Nilichubuka hadi nikawa natembea kama nimetoka kupanda farasi.

Siti laini ni nzuri kwa kwenda dukani. Kwa saa saba kwa siku inakugeuka. Kwenye siti mwili unatakiwa ubebwe na ile mifupa miwili unayoisikia ukikalia benchi la mbao, na mfupa unataka kitu kigumu kiasi cha kuukinga usizame. Katikati yake pamepita mishipa ya fahamu na ya damu, na ganzi ya pale maana yake mishipa imebanwa. Kwa hiyo wale mnaosema "utazoea" hata kwa ganzi ya msamba, tafadhali, hicho si kitu cha kuzoea. Ni cha kushuka na kurekebisha.

Basi siti ya tatu nikaenda kwa akili. Nilichukua kipande cha kadibodi ya boksi, ile yenye mawimbi ndani, nikakiweka kwenye kiti kigumu, nikakikalia nimeinamia mbele kidogo na visigino nimeviinua. Nikainuka, nikakipeleka mwangani kwa ubavu. Vishimo viwili vimejichora vizuri kabisa. Katikati ya kimoja hadi katikati ya kingine, milimita 125. Ongeza kama 20 hadi 30, zaidi ikiwa unakaa wima, na ule ndio upana wa siti wa kuanzia kutafuta. Ile ya kwanza ya 130 ilikuwa inanikalisha ukingoni kila upande.

Nikachukua ya ngozi, jamii ya Brooks B17, ambayo wasafiri wameikalia tangu miaka ya 1890. Haina sponji wala jeli, ni ngozi iliyovutwa kati ya ncha na nyuma juu ya chuma, kama kitanda cha kamba. Ni ngumu mwanzoni, inataka kilomita mia kadhaa ndipo ngozi ijipinde kufuata mifupa yako. Mvua usiifanyie mzaha, ngozi ikilowa ukaikalia hivyohivyo inabonyea moja kwa moja. (Na ile nati ya kukaza ngozi huko mbele, iacheni jamani. Kuna watu wanaikaza kila wiki kama ngoma.)

Siti nzuri, upana sahihi, nimeizoesha kilomita 600. Nikaondoka nayo kwenye hii safari. Nikarudi na vidole vya maiti.

Hapo sasa ndipo mkaanza awamu ya pili ya ushauri. Inamisha ncha kidogo, msamba utapumzika. Nilikuwa nimeinamisha, kama nyuzi tano. Msamba ukapumzika kweli, lakini mwili ukawa unateleza kwenda mbele siku nzima, na kitu pekee cha kuuzuia ni mikono. Kiganja kikabeba uzito uliokuwa wa makalio. Mshipa wa fahamu unaopita upande wa kidole kidogo hapo ndipo unapobanwa. Nilihamisha ganzi kutoka chini nikaipeleka mkononi, na mliponiambia nivae glavu nene nilitii vilevile!

Mkasema isogeze siti mbele, usukani uwe karibu. Nikaisogeza kwenye reli zake mpaka mwisho. Siku mbili, goti linauma kwa mbele, chini ya kile kifuniko chake. Ukiisogeza siti mbele unaisogeza pia karibu na pedeli, ni kama umeishusha, goti linakunjika zaidi kila mzunguko. Mahali pa siti panaamuliwa na miguu. Ukiifuatisha mikono, utalipa kwa goti.

Mkasema weka shingo fupi ya usukani, kile kipande kinachoushika usukani kwenye fremu. Nikatoa ya sentimita 11 nikaweka ya 6. Mikono ikapata nafuu, hilo sikatai. Lakini ukiwa na mzigo mbele usukani unakuwa mwepesi hivi kwamba ukipiga chafya uko mtaroni. Sentimita moja au mbili kwenye shingo ni marekebisho ya kawaida. Tano ni dalili kwamba ulinunua baiskeli ya mtu mwingine.

Nilichofanya wiki hii, kabla ya kuja kuwasumbua, ni hiki. Nimeazima baiskeli ya jamaa mwingine, fremu ya 52. Nikahamishia siti yangu ya ngozi, nikaiweka usawa kwa pimamaji, urefu uleule kutoka ekseli ya pedeli (ile ya katikati ya fremu inayozungusha pedeli zote mbili). Nimeendesha kilomita 70 bila kushuka ovyo. Ganzi hakuna. Vidole ambavyo tayari ni vigonjwa havikuzidi. Siti ni ileile!

Nikachukua tepu nikapima zote mbili. Bomba la juu la ile, likipimwa usawa, ni sentimita 54. La kwangu 58. Sentimita nne nilizokuwa nazifukuzia kwa kujinyoosha. Na mtu akijinyoosha, nyonga inapinduka kwenda mbele, uzito unatoka kwenye ile mifupa miwili unahamia kwenye nyama laini ya mbele. Hata ukikalia siti ya dhahabu, kama umeivuka mifupa yako, umekalia mishipa. Siti zangu tatu zilihukumiwa kwa kosa la bomba.

Kuna aliyesema fremu kubwa ni bora kwa safari kwa sababu usukani unakuwa juu. Uko juu, ndiyo. Uko juu na uko mbali.

Halafu hii namba 56 yenyewe ni kichekesho. Mmoja anapima bomba la siti kutoka katikati ya ekseli ya pedeli hadi mwisho wa juu wa bomba, mwingine anaishia katikati ya bomba la juu linapokutana nalo. Yangu imepimwa kwa mtindo wa pili. Hadi mwisho ni 57 na nusu. Fremu mbili zimeandikwa 56 na hazilingani. Zenye bomba la juu lililoteremka ndiyo usiseme, fupi pale kwenye siti lakini ndefu kwa mbele, namba haikuambii kitu. Ile ya herufi S, M, L ni ya fulana. Kama mtengenezaji ametoa jedwali la vipimo, tafuta staki na richi: kutoka ekseli ya pedeli hadi mdomo wa bomba la usukani, kwenda juu ni kiasi gani na kwenda mbele ni kiasi gani. Hivyo viwili havibadiliki kwa ujanja wa bomba.

Mguu unapimwa hivi, na ingemchukua yule muuzaji dakika mbili. Vua viatu, simama mgongo ukutani, bana kitabu chenye gamba gumu katikati ya miguu, kivute juu mpaka kikubane kama siti inavyobana, mtu apime kutoka sakafuni. Rudia mara tatu. Yangu 79. Kwa fremu za bomba la juu lililonyooka watu huzidisha kwa 0.65 hadi 0.67, unapata kama 52. Urefu wa siti, zidisha kwa 0.883, hesabu iliyotangazwa na Greg LeMond, Mmarekani aliyeshinda Tour de France 1986, 1989 na 1990. Mimi inanipa karibu 69.8 kutoka ekseli hadi juu ya siti. Ni pa kuanzia tu, soli nene na aina ya pedeli vinabadilisha. Ukitaka bila hesabu, weka kisigino kwenye pedeli ikiwa chini kabisa, mguu unyooke bila nyonga kuyumba. Ukihamia mbele ya wayo, goti linabaki na mkunjo kidogo.

Na dalili ilikuwa machoni pangu siku ya kwanza. Kwa urefu huo, nguzo ya siti yangu imetokeza nje vidole vitatu. Mafundi wa zamani walisema itokeze ngumi moja. Kwenye ile ya 52 ilitokeza ngumi na zaidi.

Najua kuna atakayeniambia 52 yenye magurudumu makubwa ya 700C kidole cha mguu kitagusa tairi la mbele nikikata kona. Kwa baadhi kinagusa, ndiyo maana fremu ndogo za safari nyingi huvaa magurudumu madogo ya inchi 26. Mwenye uzoefu nazo akiwa na mzigo aseme, hapo nasikiliza.

Ila atakayeandika "badilisha siti" nitamjibu vibaya.

Fremu naitoa. Chuma kizima, haijaanguka, sehemu za kufunga keria zipo mbele na nyuma, na nyuma ni ndefu kiasi kwamba kisigino hakigusi begi, hilo naipa haki yake. Anayeitaka awe na mguu wa sentimita 86 au 87. Urefu wako wa kichwani usinitajie. Njoo na kitabu, ukuta ninao.