Mahindi ya Bt: viwavi wakizoea, tutashika nini?

Mkulima wa Nachingwea:
Habari zenu ndugu zangu. Viwavijeshi vamizi wametafuna majani machanga ya mahindi yangu hadi nasikia uchungu kupita shambani. Mwanangu anayesoma SUA, chuo kikuu cha kilimo, ananieleza kuna mahindi yanayojitengenezea sumu ya Bt, inayotokana na bakteria, kiwavi akila anakufa. Naomba jibu la kweli: hawatazoea, kama wanavyozoea dawa za kunyunyizia?

Bwana shamba, Masasi:
Wanazoea, mzee wangu. Mtafiti wa wadudu Bruce Tabashnik wa Chuo Kikuu cha Arizona, Marekani, ametumia miaka mingi kwenye swali hilohilo. Mwaka 1990 yeye na wenzake walionyesha kuwa nondo wa kabichi kule Hawaii ameshakuwa sugu kwa dawa ya kunyunyizia ya Bt. Pamba ya Bt ilianza kulimwa kibiashara Marekani 1996, ikiwa na sharti: sehemu ya shamba ipandwe mbegu ya kawaida. Nondo wachache sugu wakipandana na wengi wasio sugu waliokulia kwenye sehemu hiyo, watoto wao wengi bado wanauawa na sumu. Wakulima wa Arizona walizingatia sharti hilo. India wakulima wengi hawakutenga sehemu hiyo, na funza wa pamba akawa sugu.

Mama Ntilu, Newala:
Mwenye ekari moja atenge nini? Hapo ndipo ninapobisha. Kwanza mbegu hizo kwetu hazijaruhusiwa. Mzee, pita asubuhi, geuza majani, ponda mayai kabla hayajaanguliwa.

Mkulima wa Nachingwea:
Asanteni sana. Mayai hukaa upande gani wa jani?