Dola 5 ya 1847 yenye herufi D: ni ya Denver kweli?

TaiMchanga: Wakuu, habari zenu. Nimeshinda mnadani sarafu ya dhahabu ya Marekani, dola 5, ya mwaka 1847. Upande wa nyuma, chini ya tai, kuna D ndogo, alama ya kiwanda ilikotengenezwa. Muuzaji kasema ni ya Denver. Kwenye nywele za Bi Uhuru, yule mwanamke wa upande wa mbele, kuna weusi, nataka kuisugua kwa dawa ya meno kabla ya kuipeleka kwa wapimaji wa ubora. Mnanishauri nini?

MzeeLenzi: Weka chini huo mswaki! Dola 20 yangu ya 1904 niliisugua hivyohivyo, ikang'aa kama sufuria mpya. Wapimaji wakairudisha na lebo "imesafishwa", bila daraja la ubora. Ukiigeuzageuza kwenye taa unaona mikwaruzo myembamba kama nywele. Hadi leo naificha wageni wakija.

Sasa hiyo D. Mwaka 1847 hata mji wa Denver haukuwapo. Kiwanda chao cha sarafu kilianza kazi 1906. D yako ni ya kiwanda cha Dahlonega, Georgia, waliotengeneza sarafu za dhahabu tu, 1838 hadi 1861. Kwa hiyo ama muuzaji hajui alichouza, ama anajua sana. Mwaka huohuo kiwanda cha Philadelphia walitoa dola 5 kwa wingi, hazina herufi, na walaghai hubandika D juu yake ili zionekane zile adimu za Dahlonega.

TaiMchanga: Mbona nimeipima? Gramu 8.35. Nikaining'iniza kwa uzi ndani ya glasi ya maji iliyo juu ya mizani, ikaongeza 0.49.

MzeeLenzi: Safi, gawanya uzito kwa hilo ongezeko: inakuja 17 na kidogo, yaani ni nzito mara 17 kuliko maji, ndiyo dhahabu ya asilimia 90 iliyochanganywa na shaba. Lakini ya Philadelphia nayo ingekupa jibu hilohilo, kijana wangu. Dhahabu halali, herufi ya uongo! Chukua lenzi ya sonara, ya mara 10, uilaze sarafu kidogo utazame mguu wa D. Inatakiwa iinuke kutoka kwenye sarafu yenyewe. Ukiona ufa au rangi tofauti kuizunguka, umepigwa.

Kibubu77: Mimi ningeiloweka kwenye asetoni safi, bila kusugua. Dhahabu haidhuriki, ila gundi huachia.

TaiMchanga: Nimetazama. Kushoto kwa D kuna kamstari. Au ni uchafu tu? Natafuta asetoni, kesho naweka picha.