Naomba ushauri: sedani ndogo iliyotumika, AC inalegea kwenye foleni

Habari zenu wakuu. Nataka kununua sedani ndogo ya bei nafuu, cc 1500, giaboksi ya CVT (otomatiki isiyo na gia za hatua), ya kuendesha kila siku kwenye joto la nyuzi 38.

Nimeijaribu ikiwa imesimama dakika 20, AC imewashwa. Mshale wa joto la injini umetulia, lakini hewa ya AC imepanda kutoka nyuzi 9 hadi 18. Gari likitembea inarudi 10. Feni inazunguka, ila mapezi ya kondensa (ile kama rejeta ya AC, mbele ya gari) yamezibwa na vumbi na mabawa ya wadudu. Maji ya rejeta hayana kutu.

Nikiiosha kondensa bila nafuu, nitajuaje kama ni feni iliyochoka au gesi pungufu? Na oili ya CVT ikiwa kahawia lakini hainuki kuungua, kuibadilisha kunatosha, au niiache gari?