Tupeane uzoefu: kipindi gani cha TV cha utotoni umekiona tena?

MwanaLangoni: Jamani wana Lamu na Malindi, juzi mpwa wangu kanionyesha Vioja Mahakamani za zamani kwenye YouTube. Nimekesha nazo. Ondiek Nyuka Kwota amjibu hakimu, mimi nacheka peke yangu, mke wangu auliza kulikoni.

Mtaani kwetu TV ilikuwa moja, ya ami yangu, ikiwashwa kwa betri ya gari. Antena tuliifunga kwenye boriti juu ya paa. Kusi ikivuma yageuka, picha yajaa chenga. Basi mmoja apande aizungushe, wengine tupige kelele chini: "Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umeipitisha!" Anayepanda ndiye haoni kitu, na daima nilikuwa mimi. Matangazo ya analogi yalipozimwa 2015, boriti ile ikawa ya kuanikia nguo.

Nyinyi mlitazama nini?

BintiMaweni: Vitimbi! Nimekua nikiamini Mzee Ojwang' ni Mjaluo hasa. Alipofariki, mwaka huohuo wa 2015, ndipo nikajua ni Benson Wanjau, Mkikuyu. Lafudhi yote ile ni usanii! Sasa nikimtazama tena namwangalia mdomo tu. Na mkewe, Mama Kayai, akishashika kiuno, ujue mzee kwisha habari yake.

Wanangu wasema mambo yaenda polepole. Mtu apiga hodi, akaribishwa, aketi, aulizwa hali za nyumbani, ndipo neno lianze. Kwani sisi twaishi vipi?

MalindiShela: Kwetu ni Derrick, yule mpelelezi Mjerumani. Bibi yangu, Mungu amrehemu, Kiingereza hajui hata neno, lakini ndiye mfasiri wetu. "Huyu mwenye koti amemuua ndugu yake kwa ajili ya urithi." Twaitikia. Mwaka jana nimekipata kipindi kimoja, nikakitazama hadi mwisho. Urithi haumo kabisa! Hadithi ya bibi ilikuwa tamu zaidi.

BintiMaweni: 😂😂 Hiyo ni kesi ya shamba lake mwenyewe alikuwa akiisimulia.

Mkomani_77: Mimi nitawaharibia. Tausi, ile tamthilia, nimeirudia, Kiswahili chake bado chaniliwaza, lakini kuitazama peke yangu kwa simu, kitandani, hapana. Utamu wenyewe ulikuwa kesho yake, kina mama wakigombana nani mwenye haki, chai yapoa. Sasa nitagombana na nani?

MalindiShela: Na mimi. Ndoo Malindi.

MwanaLangoni: Na ile tamthilia ya Tushauriane je? Nakumbuka sura za watu, hadithi imenipotea, na kanda za ami zimeliwa na ukungu. Aliye nayo hata nusu aseme, mkate wa sinia nitamletea mwenyewe.