Mnaofundisha banihopu kwa kushikilia kitufe cha W, acheni kuwapoteza watoto wa watu!

Jamani, hili limezidi. Ukipita kwenye saiba za gemu hapa Mombasa, Majengo hadi Likoni, chipukizi wa Counter-Strike 1.6, gemu ya kompyuta ya kupigana risasi, akitaka kujifunza banihopu, yaani kuruka mfululizo ili kasi iongezeke, anaambiwa yale yale: "Shikilia W, ruka, ruka, ruka." Akishindwa, ati hana kipaji. Kipaji gani? Mwalimu ndiye hajui!

Sikilizeni. Ukiwa hewani, mchezo huu haupimi kasi yako yote. Unapima kasi uliyonayo kuelekea upande unaoubonyeza, na ikishafika 30, kwa vipimo vya mchezo wenyewe, haukuongezei kitu. Umeshika kisu, unakwenda mbele kwa 250, wabonyeza W, kitufe cha kwenda mbele: upande huo tayari una 250, hupati hata chembe. Ukichanganya W na A, kitufe cha kwenda kushoto, mshazari ule una kama 177, bado umepita 30. A peke yake inakata njia yako kwa pembe mraba, kasi ya upande huo ni sifuri, kwa hiyo msukumo unaingia. Wallahi siri ni hiyo tu, na ndiyo mnayowanyima!

W ni ya kuanzia mbio. Ukiruka, iachie. Bonyeza A huku ukigeuza mausi kushoto taratibu, bila kukatakata. Mruko unaofuata, D, kitufe cha kwenda kulia, na mausi kulia. Ukigeuza kwa pupa, kitufe kinaanza kukuvuta nyuma na kasi inashuka. A na D kwa pamoja zinafutana.

Halafu kuna huku kuruka kwa spesi. Chini kuna msuguano, ambao mpangilio wake kwenye seva ni sv_friction 4. Kwenye fremu 100 kwa sekunde, yaani picha 100 za skrini, kila fremu unayochelewa chini inakula asilimia 4 ya kasi yako. Fremu tatu tu, 250 imekuwa 221, mwendo wa mtu aliyebeba bunduki ya AK! Kushikilia spesi hakusaidii, maana kila mruko unataka mbonyezo mpya. Fungua konsoli, dirisha la kuandikia amri za mchezo, andika bind mwheeldown +jump, kisha anza kuzungusha gurudumu la mausi kabla kidogo ya miguu kugusa chini. Kila jino la gurudumu ni mbonyezo, na mmoja wao utaangukia fremu inayotakiwa.

Na wanaojigamba kwamba wanaruka kwa 400 kwenye seva ya kawaida, wanadanganya. Ukiruka na kisu ukiwa umevuka 300, yaani 250 mara 1.2, mchezo unakukata hadi 240. Anayejua hujizuia karibu na 290.

Nanyi wenye saiba, yakhe, mnatoza pesa ya saa nzima kwa mausi ambayo gurudumu lake limelegea, ukizungusha chini linasoma juu! Mtoto atajifunzaje hapo? Fungueni mausi, safisheni vumbi kwenye ekseli ya gurudumu, na likiendelea kuruka meno, nunueni jingine. Zimeni pia ule mchapuko wa mausi kwenye mipangilio ya Windows, kwa sababu ukiwa umewashwa, mkono ule ule unageuza pembe tofauti kila mara.

Na fremu zikifungwa 30, fremu moja ya kuchelewa inakula asilimia 13. Wekeni fps_max, amri ya kikomo cha fremu, iwe 100, leo!