Kuchakaza behewa la mizigo na Garratt ya daraja la 59 (1:87): nianze wapi?

Binti_Changamwe

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nina behewa la mfano, la mizigo, lenye paa, la plastiki, skeli ya 1:87, la reli ya milimita 12. Seti yenyewe ilitengenezwa kwa mfano wa reli ya nchi nyingine, lakini nimekata milango upya, nimebadilisha paa na kuongeza ngazi mpaka sasa linafanana na yale ya Reli za Afrika Mashariki yaliyo kwenye picha za marehemu babu. Babu alikuwa akigeuza njia stesheni ya Changamwe. Gundi imekauka, rangi bado sijagusa.

Pia nina Garratt ya daraja la 59, ile injini kubwa ya mvuke yenye sehemu tatu zilizoungwa; ni seti ya vipande vya shaba ambayo bado iko ndani ya boksi. Hiyo nataka niifikie nikiwa nimeshazoesha mkono kwenye behewa kwanza.

Naomba kujua mpangilio: praima, rangi, namba, vanishi, uchakavu (kulifanya lionekane limetumika miaka), kipi kinatangulia kipi? Na vumbi jekundu la huko bara nalitofautishaje na kutu? Sina kompresa, nina brashi na makopo ya kupulizia tu. Na nakaa Mombasa, unyevu mnajua wenyewe.

Kichuguu_Moro

Karibu sana dada. Kabla ya praima lioshe behewa kwa maji ya vuguvugu na sabuni ya vyombo, ulisuuze, ulikaushe vizuri. Mafuta ya kiwandani na ya vidole hukataa rangi.

Uzito usisahau. Wale wa NMRA, chama cha wapenzi wa reli za mfano cha Marekani, wanapendekeza gramu 28 za kuanzia, kisha karibu gramu 14 kwa kila inchi ya urefu. Behewa la sentimita 10 linataka kama gramu 83. Bandika nati au risasi ndani sakafuni kabla hujafunga paa. Behewa jepesi huruka kwenye kona, na rangi yote hiyo itaishia sakafuni.

Kwa kutu mimi hutumia spreya ya nywele: rangi ya kutu chini, vanishi, spreya ya nywele, halafu akriliki juu. Ukiilowesha na kuisugua kwa brashi, akriliki inabanduka vipandevipande na kutu inachungulia. Inapendeza sana.

Mzee_wa_Voi

Marahaba binti. Umenifurahisha kwa hilo behewa, na zaidi kwa babu yako. Mimi nimekulia nyumba za reli Voi, baba alikuwa fayamani, mtunza moto wa injini, na mabehewa ndiyo tuliyokuwa tukiyahesabu jioni badala ya nyota.

Nianze na swali ambalo hukuuliza. Behewa lako limetoka wapi, na limebeba nini? Lijibu hilo kabla ya kufungua kopo lolote, maana uchafu una chanzo. Behewa la magadi, lile la kupanda kutoka Magadi mpaka Konza, lina weupe wa unga kwenye vizingiti vya milango na juu ya fremu. La saruji lina kijivu kilichoganda, tena mvua ikilipata hushuka michirizi migumu isiyofutika. La mahindi au kahawa ni safi zaidi, ila mlango umesuguliwa na magunia na mikono ya wapakiaji mpaka rangi imekonda. Mtu akichafua bila kujibu swali hili, behewa lake huwa na uchafu wa kila mahali na halijatoka popote.

Sasa vumbi na kutu. Vumbi hutoka chini likapanda. Treni ikipita Taru na Tsavo hurusha ule udongo mwekundu ambao hata tembo wa kule huonekana wekundu kwa ajili yake. Hukaa kwenye fremu, magurudumu, sehemu ya chini ya ukuta, na juu ya kila kitu kilicholala. Ukishafika nyanda za Athi udongo ni mweusi, ukikauka unakuwa wa kijivu, kwa hiyo behewa la safari ndefu lina tabaka mbili. Kutu hufanya kinyume: huanzia juu ikashuka na maji. Itafute chini ya ribiti, kwenye kingo za mlango, pale bati linapokutana na bati. Na kutu si rangi ya chungwa. Ile ya chungwa ni changa; ya miaka ni kahawia nzito inayokaribia weusi. Weka nzito kwanza, eneo kubwa kidogo, halafu changa iwe nukta tu katikati yake.

Kuna rangi ya tatu ambayo wengi huisahau: unga wa breki. Viatu vya breki vya chuma cha kusubu vikilika hutoa unga wa kahawia iliyokolea, unaofunika magurudumu na fremu yote. Upake huo kabla ya vumbi jekundu.

Mpangilio: praima, rangi ya behewa, vanishi ya kung'aa, namba na herufi za kubandika, vanishi ya kung'aa tena nyembamba, uchakavu wa majimaji, vanishi isiyong'aa, na mwisho unga. Ile ya kung'aa ina kazi: karatasi ya namba ikibandikwa juu ya rangi kavu yenye chembechembe, hewa hubaki chini yake na inatoa weupe kama magamba ya samaki.

Rangi ya behewa iwe ya akriliki. Uchakavu wa majimaji tumia rangi ya mafuta ya wachoraji, kahawia nzito na nyeusi kidogo, ukiiyeyusha kwa tapentaini mpaka iwe kama chai ya rangi. Tapentaini haidhuru akriliki iliyokauka vizuri, lakini juu ya enameli isiyolindwa na vanishi itakuchimba mpaka kwenye plastiki. Paka upande mmoja, subiri dakika chache, kisha futa kwa brashi bapa yenye unyevu wa tapentaini ukivuta kutoka juu kwenda chini, kila mara juu kwenda chini, kama mvua ilivyofanya.

Ndugu wa Moro, njia yako ya spreya ya nywele naiheshimu, na kwa behewa la wazi la mawe au makaa ni nzuri. Lakini tupige hesabu. Kibanzi cha milimita 1 kwenye 1:87 ni karibu sentimita 9 kwenye behewa halisi. Vikiwa ishirini kwenye ukuta mmoja, hilo behewa lingeshatolewa kazini likapelekwa karakana. Kwa behewa lenye paa mimi huchovya kipande cha sponji kwenye rangi, nakigonga kwenye karatasi mpaka kiwe karibu kukauka, ndipo nagusa kingo za mlango tu.

Unyevu wa Mombasa ni kweli. Vanishi isiyong'aa ikipuliziwa hewa ikiwa nzito hushika ukungu mweupe. Pulizia kati ya saa nne na saa tisa mchana, siku kavu, na kopo uliweke kwanza kwenye maji ya vuguvugu, kamwe si ya moto. Masika nayaacha kabisa. Nafanya lehemu na kukata plastiki, rangi nasubiri.

Binti_Changamwe

Ahsante sana mzee, nimeyanakili yote. Behewa langu litakuwa la magadi, nimeamua sasa hivi. Huo unga wa mwisho naweza kutumia udongo wenyewe wa Voi? Shangazi yuko huko, anaweza kunitumia chupa.

Mzee_wa_Voi

Mwambie akutumie, lakini uuweke dirishani uwe kipimo cha rangi. Punje za udongo, hata ukichuja kwa soksi ya nailoni, ni kubwa mno kwa 1:87. Zitaonekana kama kokoto. Chukua chaki za pasteli, uzisugue kwenye msasa mwembamba, changanya nyekundu, kahawia na kijivu mpaka ifanane na udongo wa chupa ukiwa umekauka. Kisha ongeza nyeupe kidogo, kwa sababu kitu kidogo tunakitazama kama kilicho mbali, na rangi ya mbali hupauka. Kwa sababu hiyo hiyo nyeusi tupu usiitumie popote. Tumia kijivu kilichokolea. Kwa weupe wa magadi nenda taratibu zaidi, vizingiti na miguu ya milango tu. Unga wa pasteli ukipuliziwa vanishi nusu yake hupotea, kwa hiyo mimi siupulizii. Behewa nalishika kwa magurudumu.

Reli_Manchester

Salamu kutoka Manchester. Binti, ukifika kwenye Garratt, ujue hizo injini 34 za daraja la 59 zilitengenezwa hapa Gorton na Beyer, Peacock, 1955 na 1956. Karakana ilifungwa 1966, ila kumbukumbu za kampuni, pamoja na michoro, zimehifadhiwa kwenye Makumbusho ya Sayansi na Viwanda hapa mjini. Pia kuna Garratt nzima ya Afrika Kusini ndani ya makumbusho. Nilisimama karibu nayo muda mrefu nikitazama jinsi bomba za mvuke zinavyopita kwenye maungio. Sehemu hiyo ni vigumu kuielewa kwa picha.

Mzee_wa_Voi

Ahsante ndugu, umenitangulia. Binti, halisi ziko mbili Makumbusho ya Reli Nairobi: 5918 Mount Gelai na 5930 Mount Shengena. Nenda na daftari. Upige picha chini na nyuma, si ubavuni tu kama wafanyavyo wote.

Injini yako ikikamilika itakuwa na sentimita 36 hivi. Ijaribu kwenye kona zako kabla ya rangi, ikiwa shaba tupu. Halafu ioshe sana; asidi ya lehemu ikibaki kwenye pembe, rangi itainuka baada ya miezi. Praima iwe ile ya kung'ata chuma. Paka sehemu tatu mbalimbali: tangi la mbele na magurudumu yake, boila na kebini katikati, tangi la nyuma na magurudumu yake.

Uchafu wake si wa makaa. Zilichoma mafuta mazito, kwa hiyo usiweke majivu. Masizi ni meusi ya grisi, kuzunguka bomba la moshi na juu ya boila, na kwenye mdomo wa tangi la mafuta nyuma weka michirizi inayong'aa kwa vanishi ya kung'aa. Tangi la mbele ni la maji: pale wanapojazia, michirizi myembamba myeupe ya chokaa, kwa kuwa maji ya njia ile yalikuwa magumu. Ile rangi ya maruni ya injini usiifunike. Injini hizi zilivuta tani 1,200 kupanda kutoka Mombasa hadi Nairobi, na bado wasafishaji walizipangusa. Baba alisema kibao cha jina ndicho kilichopata kitambaa cha kwanza. Kwa hiyo vibao ubandike mwisho kabisa, baada ya unga, vikiwa safi.