Tupeane uzoefu: uliwahi kununua mbegu ya mboga ikaota kitu kingine?

MamaJaruba
Wadau habari za jioni. Jana nilikuwa gulioni, nikapita kwenye kona ya wauza vyombo chakavu. Katikati ya ndoo zilizopasuka na madumu kuna makopo ya mbegu, matupu, yamesuguliwa yanang'aa, lebo hazijachubuka hata kidogo. Nikauliza bei. Kijana akanijibu, "Mama, hayo yana mwenyewe, huwa anakuja kuyabeba yote." Miguu iliniisha nguvu. Usiku sikulala, msimu wangu wa 2018 umenirudia wote.

Mwaka ule nilikodi ekari moja na nusu Ruaha Mbuyuni, kando ya mto, kodi 300,000. Hela ya mbegu nilikopa kikoba. Nikanunua makopo sita ya nusu kilo, kopo 60,000, limeandikwa Red Creole, picha ya kitunguu chekundu kinavutia. Kitalu kiliota vizuri mno, wapita njia walinisifia. Mwishoni mwa Mei nikahamishia kwenye majaruba na vibarua kumi na wawili. Nikapalilia mara tatu, mbolea ya kukuzia nikaweka, zamu ya maji nikaamka saa tisa usiku.

Mwezi wa nane majani ya wenzangu yanaanza kulala, vitunguu vinapasua udongo. Vyangu vimesimama, kijani kibichi. Nikafukua kimoja kwa kidole. Shingo nene kama kidole gumba, chini hamna kitu, weupe tu na mizizi. Nikafukua cha pili. Nikafukua hadi ishirini, jaruba hili na lile.

Mwezi wa tisa dalali akaja na magunia yake. Akang'oa mmoja, akaupangusa na shati, akaugeuza geuza. Kisha akaurudisha kwenye shimo lake, akaukandamiza na udongo, kana kwamba bado utakua. Hakusema neno, akapanda pikipiki akaondoka.

Niliuza vichane vichache kama vitunguu vya majani, kilichobaki walikula mbuzi wa jirani. Deni la kikoba nimelilipa miaka miwili.

Nani mwingine yamemkuta? Na siku hizi mnanunuaje?

Mkilolo
Pole sana dada. Ilula hapa yamenikuta kwa nyanya. Kopo limeandikwa Tanya, ambayo ni fupi, haihitaji fito ndefu. Ikaanza kupanda kama inatafuta mbingu. Nilikuwa sina miti wala kamba, zikalala chini na mvua ndiyo ilikuwa imeanza, bakajani ikamaliza.

BustaniKimara
Mimi mchicha. Nusu ya tuta mchicha, nusu ule wa pori wenye miiba. Nakuunga mkono 100%.

BabuUsambara
Mwanangu MamaJaruba pole. Huku Lushoto mwaka mmoja nilipanda kabichi robo ekari. Wiki ya kumi najisemea sasa zitafunga. Hazikufunga. Majani yanapanda juu, shina linarefuka. Nilikuwa nimepanda sukuma wiki! Niliichuma miezi minne nikigawa mtaani, maana nani wa kununua sukuma ya robo ekari kwa siku moja?

Mnisikilize nyie vijana. Mbegu ya kabichi, ya sukuma, ya kaulifulawa, brokoli, mwageni kiganjani. Zote viduara vidogo vya kahawia iliyokolea. Hata mimi niliyeshika jembe kabla ya wengi wenu kuzaliwa siwezi kuzitenga kwa macho. Anayekwambia "naijua mbegu kwa kuiangalia" mwogopeni.

Nusu_Ekari
Wadau tuwe wakweli. Si kila kitu ni mbegu feki. Mkulima anafukia mbegu ya kitunguu sentimita tano chini, sisimizi wanabeba mchicha wake mchana kweupe, halafu lawama dukani. Ukiuliza lebo iko wapi, kaitupa. Risiti, hana. Tusome lebo kwanza.

MamaJaruba
@Nusu_Ekari soma tena nilichoandika. Kitalu KILIOTA. Shida yangu haikuwa kuota. Na lebo ninazo hadi leo, zote sita, ziko kwenye bahasha na risiti. Nilizipeleka dukani, nikaambiwa nimezidisha mbolea.

Nusu_Ekari
Basi samahani dada, nilisoma haraka. Lakini mbolea nyingi kweli inafanya shingo nene, hilo si uongo.

Mkilolo
Shingo nene ekari moja na nusu nzima? Hakuna hata kimoja kilichofunga? Acha bwana.

MwanzaKijani
Ngojeni, hii stori ya shingo nene imenishtua. Shemeji yangu anaishi Uholanzi. Alikuja likizo na pakiti za mbegu za vitunguu, halisi kabisa, kanunua dukani kule na risiti. Nikapanda huku Magu. Ikatokea HIVYO HIVYO. Majani mazuri, chini hakuna kitunguu. Nimemlaumu shemeji wa watu miaka yote hii, nikidhani kaleta kilichopitwa na muda.

KijanaTengeru
@MwanzaKijani na @MamaJaruba, naomba nieleze hapa maana nyote wawili mmepigwa na kitu kimoja. Kitunguu kinaanza kufunga kwa kuhesabu urefu wa mchana. Aina za Ulaya ya kaskazini zinasubiri mchana wa saa 14 hadi 16, ule wa kiangazi chao. Kwetu Tanzania mchana haufiki saa 13 mwaka mzima. Kwa hiyo mmea unasubiri siku ambayo haiji, unaendelea kutoa majani. Red Creole, Red Bombay, Texas Grano, hizo ni za mchana mfupi, zinafunga huku bila shida. Mang'ola Red nayo ni ya kwetu.

Shemeji hakukosea nia, mbegu yake ilikuwa nzima, ila ya nchi nyingine. Yako MamaJaruba siwezi kuapa bila kuiona, lakini kwa maelezo yako ndani ya kopo hapakuwa na Red Creole. Mbegu ya kitunguu ni nyeusi yenye pembepembe, aina zote zinafanana.

MwanzaKijani
Aisee. Nampigia shemeji leo leo.

MamaJaruba
KijanaTengeru, umeniliza. Miaka yote nilikuwa najiuliza nilikosea wapi kwenye maji.

Aliyekuwa_Kaunta
Nimesoma tangu mwanzo, nimeandika mara tatu nikafuta. Leo naandika.

Mwaka 2016 nilikuwa na miaka 19, nikapata kazi ya kaunta kwenye duka moja la pembejeo, mji sitautaja. Mwezi wa kwanza kazi yangu ilikuwa kufagia na kupima. Mwezi wa pili tajiri akanituma kwa wauza vyuma chakavu nikanunue makopo yenye lebo safi. Nikadhani ni ya kuhifadhia misumari.

Jioni tukifunga mlango wa mbele, kazi inaanza nyuma. Kuna gunia la mbegu, halina jina lolote, tunachota kwa kikombe tunajaza makopo. Hayo yenye mfuniko wa bati wa kuvuta huwezi kuurudisha, kwa hiyo yanawekwa mfuniko wa plastiki tu. Mteja akiuliza anaambiwa, "Tumefungua tukague kama haijaingia wadudu." Pakiti za karatasi ya kung'aa zilikuwa zinazibwa kwa pasi ya nguo, juu yake kitambaa chenye maji kidogo. Mimi ndiye nilikuwa nashika pasi. Mbegu zilizobaki tangu msimu wa juzi zinachanganywa na mpya kidogo ili ziote hata nusu.

Siku iliyoniondoa: alikuja mzee mmoja, kavua kofia, kafungua leso juu ya kaunta. Ndani kuna miche ya nyanya minne, imekauka, na mbegu chache ambazo hazikuota, bado zina udongo. Hakupiga kelele. Alimwuliza tajiri, "Mwanangu, hebu niangalizie, nimekosea nini?" Tajiri akamwuzia dawa ya ukungu. Mzee akalipa. Nikashindwa kumrudishia chenji, mikono ilikuwa inatetemeka. Wiki ile niliacha kazi, mshahara wa miezi miwili sikuudai.

BustaniKimara
Ee Mungu wangu.

Mkilolo
Umeacha kazi, sawa. Ulikwenda kuripoti wapi?

Aliyekuwa_Kaunta
Sikuripoti. Niliogopa. Ndiyo maana nilifuta mara tatu.

Mkilolo
Basi makopo yale yaliendelea kujazwa na mwingine akashika pasi. Sisi huku tunauza mbuzi kulipa madeni. Unisamehe ndugu yangu lakini machozi yako hayanisaidii.

BabuUsambara
Mkilolo, taratibu. Kijana wa miaka 19, tajiri ndiye anayemlisha. Kusema leo ni kitu. Lakini na wewe kijana, hujachelewa. Kama duka lipo na tajiri yupo, unajua pa kwenda.

KijanaTengeru
TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha ubora wa mbegu, makao yao yako Morogoro na wana ofisi za kanda. Sheria ya Mbegu ni ya mwaka 2003, kuuza mbegu feki ni kosa. Kama unaogopa, mtafute afisa kilimo wa wilaya usiyefahamiana naye. Peleka jina la duka tu.

Aliyekuwa_Kaunta
Duka lipo. Nitakwenda.

MkulimaMwea
Poleni majirani. Huku kwetu Kirinyaga, Kenya, nami nilinunua pilipili hoho kwa agrovet, nikavuna pilipili kali. Wateja wa hoteli walinirudishia kreti zote. Siku hizi sinunui pakiti isiyo na stika ya KEPHIS, shirika letu linalokagua mbegu. Unakwaruza, unapata namba, unaituma kwa ujumbe kwenda 1393, unajibiwa ni mbegu gani na loti gani. Nafanya hivyo nikiwa bado kwa kaunta, kabla sijalipa. Muuzaji akinuna, naenda duka lingine.

KijanaTengeru
Hata huku lebo ya TOSCI ina sehemu ya kukwangua. Kwangueni! Wengi wanaibandua na kutupa. Na jibu likija lilinganishe na kilichoandikwa kwenye kopo: jina la aina, namba ya loti, tarehe ya kupimwa.

Nusu_Ekari
Mimi natumia njia ya marehemu baba: mimina mbegu kwenye maji, inayoelea tupa, inayozama panda.

BabuUsambara
Hiyo ni ya maharage, mwanangu.

KijanaTengeru
Ya kitunguu hata nzima inaelea mara nyingi, utatupa pesa yako. Bora hesabu mbegu 100, ziweke kwenye kitambaa kilicholowa, kunja, weka kivulini, usiache kikauke. Nyanya ndani ya siku 5 hadi 8, kitunguu 7 hadi 12, hoho inaweza kufika wiki mbili. Zikiota 80 nenda. Zikiota 40 rudisha dukani na kitambaa chako. Na kitunguu msinunue ya mwaka jana, ile mbegu inazeeka upesi kuliko nyanya.

MamaJaruba
Kipimo cha kitambaa kizuri, ila kisingeniokoa mimi. Yangu ingeota 90.

KijanaTengeru
Kweli kabisa. Kitambaa kinakwambia iko hai, hakikwambii inaitwa nani. Kwa jina, kuna lebo ya kukwangua, na kuna kupanda jaruba moja tu msimu mmoja kabla, ndipo uweke ekari.

Mkilolo
Nani ana msimu mzima wa kusubiri? Shamba la kukodi mwenyewe anataka hela Februari.

BustaniKimara
Na sisi wa bustani ndogo? Mbegu ya kupima kwa kijiko ndiyo tunayoimudu. Siwezi kununua kopo zima kwa matuta manne.

Aliyekuwa_Kaunta
Dada, ya kijiko ndiyo iache kabisa. Pale hakuna lebo, hakuna loti, hata muuzaji mwenyewe akisahau kopo lipi ni lipi anakisia. Ungana na wenzako wawili mnunue kopo moja lililofungwa, mgawane nyumbani.

Nusu_Ekari
Au mjiwekee mbegu wenyewe, haya yote yaishe.

BabuUsambara
Ya nyanya ya kawaida, sawa, inabaki vilevile. Bamia, mnavu, mchicha, sawa, ukiutenga na wa pori. Lakini chotara F1 ukiiwekea mbegu, msimu wa pili kila mche na sura yake. Na kabichi huku haitoi mbegu kirahisi, inataka baridi ya wiki nyingi ndipo itoe maua. Hiyo tutanunua tu.

MkulimaMwea
Kuna wakulima wanaozalisha mbegu za kuazimiwa ubora, hizo za QDS, huko kwenu Tanzania. Nimesikia wakisifiwa.

KijanaTengeru
Wapo, wanakaguliwa na kuuza maeneo ya jirani. Uzuri wake muuzaji unamjua nyumbani kwake, na shamba lake la mbegu unaliona likiwa na maua.

MamaJaruba
Nimerudi kutoa mrejesho. Jumamosi nilinunua makopo mawili ya mfuniko wa bati. Nilikwangua lebo mbele ya muuzaji, jina limekubaliana na loti imekubaliana. Mbegu 100 nimezilaza kwenye kipande cha kanga, leo siku ya tisa zimeota 84. Kopo hilo nitasia jaruba mbili tu, nizitazame zikifunga kwanza. Nikilimaliza nitalitoboa kwa msumari, matundu matatu, na lebo nitaichana, ya kopo na ya picha. Gulioni halifiki.

Hilo la pili halijafunguliwa. Aliye karibu na Mbuyuni tugawane nusu kwa nusu.

Mkilolo
Hata mimi nimetoboa yangu yote leo asubuhi, kumi na moja.

Jirani_Mtandika
MamaJaruba nipo Mtandika, robo kilo inanitosha. Nakuja Jumatano na hela yangu na kitambaa changu, tufungue pamoja.

Aliyekuwa_Kaunta
Leo nimekaa na afisa kilimo saa nzima. Ameandika kila kitu. Ameniuliza kama nitamwonyesha duka, nimesema ndiyo.